Kungoja Ndege: Kisa cha Maziko ya Mji wa Kale, Mombasa

Nyumba iko Kibokoni. Mzee wa nyumba alifariki alfajiri, saa kumi na nusu, katikati ya msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, joto likiwa limeshika. Binti zake wote walikuwa Mombasa. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa Maskati, Omani, anakofanya kazi. Swali lililowagawa jamaa kutwa nzima lilikuwa moja tu: mzee azikwe kwa wakati wake, au mtoto angojewe?

Mimi ni mpwa wa marehemu. Nilikuwa barazani tangu asubuhi hadi usiku, na wenyewe wameniruhusu kuandika mradi nisitaje majina. Tangu siku ile nimehudhuria maziko mengine, na mabishano ninayoyasikia ni yale yale. Mtu hutaja dini, mwengine akataja mila, lakini mimi naona yameletwa na safari za ndege, na ndiyo maana nataka kukichambua kisa hiki polepole.

Kwanza mambo yalivyokwenda. Saa zote nitazitaja kwa saa za Mombasa, maana Maskati wako mbele yetu kwa saa moja na siku ile jambo hilo peke yake lilituchanganya sana.

Simu ilipigwa Maskati saa kumi na moja. Kijana hakulia, aliuliza tu, "Mtamzika saa ngapi?" Ami yake, mdogo wa marehemu, akamjibu kuwa desturi ni baada ya Adhuhuri, wakichelewa sana baada ya Alasiri. Kijana akasema, "Ami, nakuomba unipe nafasi, nakuja." Tangu Januari 2024 pana ndege ya moja kwa moja kati ya Dubai na Mombasa, ila si ya kila siku, na siku ile haikuwa siku yake. Alichopata ni Maskati hadi Dubai, Dubai hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi Mombasa. Tikiti ya siku hiyohiyo ni ghali mno. Nusu ya pesa alikopeshwa na wenzake anaoishi nao nyumba moja.

Aliondoka Maskati saa mbili kasoro dakika kumi. Akatoka Dubai saa tano kasorobo. Nairobi akatua saa kumi kasorobo, wakati huku waadhini wanakaribia kuadhini Alasiri. Ndege ya Mombasa ilikuwa iondoke saa kumi na mbili jioni, itue saa moja usiku.

Huku nyumbani maiti alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa kabla ya Adhuhuri. Jirani mmoja, Mungu amjaze kheri, alitupa chumba chake cha chini chenye kiyoyozi. Kaburi Kikowani lilikuwa limeshachimbwa, mwanandani, yaani shimo la ndani la kulazia maiti, umeshatengenezwa na mbao ziko tayari. Tangazo la kwanza, lililotoka asubuhi kwenye makundi ya WhatsApp, lilisema maziko ni baada ya Alasiri. Mnamo saa saba likabadilishwa: baada ya Maghribi. Saa kumi na moja likabadilishwa tena: baada ya Isha. Watu waliotoka Malindi kwa matatu walifika kuwahi Alasiri, wakakuta wanatakiwa kukaa hadi usiku. Wa Likoni wakaanza kuhesabu foleni ya feri ya kurudia. Wazee wawili walioweza kusimama kwa shida walirudishwa makwao, hawakuja tena.

Barazani maneno yalikuwa ya chini lakini makali. Ami alishikilia hadithi ya Mtume inayotuamrisha tuliharakishe jeneza, na hapana aliyeweza kumbishia, kwa sababu ni hadithi sahihi na kila mtu anaijua. Binti mkubwa alitoka ndani, akasimama mlangoni akiwa amejitanda buibui, akasema, "Ami, kaka yuko angani. Hayuko Maskati tena. Mtu yuko njiani, tumzikie baba yake?" Hoja hiyo ndiyo iliyogeuza mambo. Maalim wa msikiti alipoulizwa alisema kungoja kidogo kwa ajili ya jamaa wa karibu kunaruhusika madamu maiti haharibiki, lakini isivuke usiku ule.

Ndege ya Nairobi ilichelewa kwa dakika arobaini. Ilitua saa moja na dakika arobaini. Binamu yake alikuwa akimngoja nje ya uwanja na bodaboda, na kwenye kikapu cha ukili amemtilia kanzu na kofia. Kijana alivaa kanzu juu ya suruali yake palepale kwenye maegesho, chini ya taa, watalii wakipita na masanduku yao. Kutoka Port Reitz hadi Makupa malori ya bandarini yalikuwa yamejaa barabara nzima. Aliingia Kikowani saa mbili u nusu. Baba yake alikuwa ameshaswaliwa baada ya Isha, ameshateremshwa, mbao zimeshawekwa, mchanga umefika nusu. Akapishwa njia. Akatupa mchanga wake kwa mikono, mara tatu kama ilivyo sunna, akabaki mpaka talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini, ikaisha. Uso wa baba yake hakuuona.

Hesabu ya safari yake ni hii. Tangu simu ipigwe hadi alipofika kaburini ni saa kumi na tano u nusu. Ndani ya hizo, saa alizokuwa angani ni saba hivi: moja kufika Dubai, tano kufika Nairobi, moja kufika Mombasa. Saa nane na zaidi zilipotea ardhini, kwenye foleni, kwenye viti vya kungojea, kwenye barabara ya uwanja. Kutoka Maskati hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 3,700. Ndege ya jeti ya abiria, yenye mwendo wa kilomita 850 hivi kwa saa, ingezimaliza kwa saa nne u nusu. Lau angeweza kupanda moja kwa moja saa ileile aliyotoka Maskati, angeingia Kibokoni Adhuhuri, na neno lisingezuka.

Kwa nini basi apitishwe Nairobi, mji usio na bahari, mtu anayetoka pwani kwenda pwani? Jahazi halikumfanyia hivyo babu yake. Sababu ni hesabu ya biashara. Miji 10 ukitaka kuiunganisha kila mmoja na mwenzake unahitaji njia 45. Ukiipitisha yote katika mji mmoja wa kukutania, njia 9 zatosha, na kila ndege inajaa. Ndege iliyo nusu tupu inakula mafuta karibu sawa na iliyojaa, kwa hiyo mashirika hukusanya watu wa miji mingi mahali pamoja, kisha huwagawa. Mfumo huu ndio uliowezesha nauli kushuka hata mtu wa kazi ya kawaida akaweza kupanda. Ndio pia unaomfanya mfiwa akae karibu saa tatu Nairobi akitazama ubao wa safari. Wengi wetu tulipokuwa barazani tulihesabu saa za kuruka tu. "Dubai hadi Nairobi saa tano, Nairobi hadi hapa saa moja," tukasema atawahi Maghribi. Hapana aliyehesabu saa za kukaa.

Hapa nataka kurudi nyuma, kwa sababu nyumba hiihii imeshapata msiba wa namna hii kabla, na tofauti ya misiba hiyo miwili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Babu wa marehemu alifariki kabla ya vita vya pili vya dunia, wakati wa kusi, upepo utokao kusini. Mwanawe, yaani baba wa marehemu wetu huyu, alikuwa Maskati vilevile, kwa biashara ya tende na chumvi. Mzee alizikwa siku ileile. Habari ilichukuliwa na nahodha aliyekuwa akirudi Omani na kusi, na ilimfikia mtoto baada ya wiki nyingi. Alipoipata, upepo ulikuwa bado ni wa kusi, na kusi huvipeleka vyombo kaskazini, haivirudishi. Hata angekuwa na mali ya dunia nzima asingeweza kuja. Alikusanya watu wa Mombasa waliokuwa kule, wakamswalia mzee swala ya ghaibu, yaani ya maiti aliye mbali, kama Mtume alivyomswalia mfalme Najashi aliyefia Uhabeshi. Wakasoma hitima, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu. Kaskazi ilipoanza, mnamo Disemba, akapanda jahazi, akateremka Bandari ya Kale, akaenda kaburini kumzuru baba yake. Kwenye nyumba ile kisa hiki husimuliwa mpaka leo, na katika kukisimulia sijasikia hata mara moja mtu akimlaumu. Alikosekana kwa sababu ya bahari.

Mjukuu wake kafika usiku uleule, na lawama zikamwandama kwa miezi. Wapo waliosema alisababisha baba yake acheleweshwe. Wapo waliosema angejali angekuja mwezi uliopita aliposikia mzee hali yake si nzuri. Wapo, tena wa karibu, waliosema angechukua ndege nyengine. Katika kizazi kimoja au viwili, kutokuwepo kumegeuka kutoka kadari ikawa uamuzi. Pakiwa na njia ya kufika, asiyefika huonekana kama aliyekataa. Huo ndio mzigo ambao ndege iliutua juu yetu pamoja na abiria, na sijaona tukiuzungumza waziwazi.

Wala ndege haikuzuka katika miaka hii. Orville na Wilbur Wright, mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton, Ohio, walirusha chombo chao tarehe 17 Disemba 1903 kwenye mchanga wa Kitty Hawk, North Carolina. Mruko wa kwanza ulidumu sekunde 12, mita 37 hivi. Wa nne, wa Wilbur, sekunde 59, mita 260. Kisha upepo ukakibinua chombo kikavunjika, na mwaka ule hakikuruka tena. Watu huwasifu kwa kasi, lakini wenyewe walijua tatizo ni kukiongoza chombo kikiwa hewani: kisilale ubavu, kisiinamishe pua, kisizunguke ovyo. Otto Lilienthal wa Ujerumani, ambaye maandishi yake waliyasoma, alikufa mwaka 1896 baada ya kuanguka na chombo chake. Ndugu hawa walijenga kijibomba cha kupitishia upepo mwaka 1901, wakajaribu mabawa madogo ya kila umbo, nao walikuwa wameshabuni namna ya kuyapinda mabawa ili rubani akisawazishe chombo. Injini yao, iliyotengenezwa na fundi wao Charlie Taylor, ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu.

Walichagua Kitty Hawk kwa ajili ya upepo. Mabaharia wetu waliungoja upepo uwasukume kwa nyuma. Hawa waliutaka uwakabili, kwa sababu bawa hupata nguvu ya kuinuka kwa hewa inayolipitia kutoka mbele. Mpaka leo ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Njia kuu ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Moi, hapa Mombasa, inaelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kaskazi ikivuma, ndege hutua ikielekea kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi hugeuza. Kwa hiyo usiku ule wa msiba, kijana aliteremka akiukabili upepo uleule uliomleta babu yake kwa nyuma. Marubani na manahodha wameshikana hapo bila kujuana.

Jambo jengine la siku ile ya 1903 nalipenda kwa ajili ya kisa chetu. Walipomaliza, ndugu hawa walimpelekea baba yao simu ya maandishi kumwambia wamefanikiwa, na kwamba watakuwa nyumbani kwa Krismasi. Wakaenda kwa chombo cha majini na kwa treni. Watu waliokuwa wametoka kuruka, na kumfikia baba yao bado ilikuwa safari ya siku kadhaa.

Kuanzia hapo mambo yalikimbia. Mwaka 1909 Louis Blériot alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Kufika 1937, ndege za majini za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilizosafiri kutoka Southampton hadi Durban, zilikuwa zikitua katika maji ya Mombasa baada ya Kisumu, kisha zikaendelea Dar es Salaam na Lindi. Zilibeba barua, maofisa na matajiri wachache. Fikiri: miaka ileile ambayo baba wa marehemu alingoja kaskazi Maskati, ndege zilikuwa zimeshaanza kupita juu ya kichwa cha mji wake. Hazikuwa zake. East African Airways ilianza mwaka 1946, ndege ya jeti iitwayo Comet ikaingia kwake 1960, lakini watu wengi wa Mombasa waliokuwa na jamaa Bara Hindi waliendelea kupanda meli zilizoitwa Karanja na Kampala mpaka miaka ya sabini, safari ya zaidi ya wiki moja. Kwa mtu wa kawaida wa Mji wa Kale, ndege imekuwa ya kuwahia maziko katika umri wa watu walio hai. Ndiyo maana desturi zetu hazijapata muda wa kuipangia nafasi yake.

Nirudi barazani. Je, kungoja kulikuwa kosa? Mimi nasema hapana. Maalim aliruhusu, maiti alikuwa salama, na mtoto ana haki yake. Kosa lilikuwa kungoja bila kiwango. Tulipaswa kusema asubuhi, mara moja, kwa kauli moja: maziko ni baada ya Isha, aliyefika amefika. Badala yake tulisogeza saa mara mbili, kila mara kwa habari mpya ya simu kutoka uwanjani, na kila tulipoisogeza tuliwaondolea watu wengine haki zao. Wale wazee wawili waliorudishwa nyumbani walikuwa marafiki wa marehemu tangu utotoni. Nao walikosa kumzika rafiki yao, na hawana ndege ya kuilaumu.

Pia hatukuacha nafasi ya ajali. Ndege inayotua saa moja usiku haimfikishi mtu Kikowani saa moja usiku. Kuna kushuka, kuna Changamwe, kuna Makupa. Tungeuliza dereva yeyote wa teksi wa uwanjani angetuambia kwa dakika moja. Ndege kuchelewa nako ni jambo la kila siku. Kuchelewa kwa dakika arobaini si hata habari. Mtu anayepanga maziko kwa saa iliyoandikwa kwenye tikiti amepanga kwa matumaini.

Zaidi ya yote, hapakuwa na mwenye kauli. Marehemu hakuacha wasia juu ya jambo hili. Ami alikuwa na umri na hadithi, binti mkubwa alikuwa na uchungu na simu, maalim alikuwa na fatwa. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki, kwa hiyo hapana aliyeamua. Mama mzee, mjane mwenyewe, hakuulizwa mpaka jioni. Alipoulizwa alisema, "Mngoje mpaka Isha, kisha msinipigie mtu simu tena." Angeulizwa saa kumi na mbili asubuhi, mambo mengi yasingefika yalikofika.

Swala ya ghaibu nayo tumeisahau, na hilo linanisikitisha. Wazee wetu wa madhehebu ya Shafii walikuwa na njia kamili ya kumhudumia mtu aliye mbali: alimswalia babake palepale alipo, akamsomea hitima, kisha akaja kuzuru. Njia hiyo haijafutwa na ndege. Mtoto aliye London au Toronto, ambaye hata angeruka sasa hivi atafika kesho, anaweza kuambiwa kwa upendo: mswalie huko, tutakungoja kwenye hitima ya siku ya tatu. Kuambiwa hivyo na ami yake mapema ni bora kuliko kuwekwa roho juu kwa saa kumi na tano akitazama ubao wa safari.

Baada ya arubaini, jamaa walikaa kikao, na nilikuwepo. Mama mzee alitamka wasia wake mbele ya watoto wote, kijana akiwa kwenye simu kutoka Maskati: yeye azikwe kwenye swala ya karibu, asingojewe mtu, na mwenye kuwa mbali asilaumiwe. Ukaandikwa, ukatiwa sahihi, nakala moja amepewa maalim. Kisha wakakubaliana jambo la pili, ambalo alilitoa ami mwenyewe. Nauli ya dharura ya siku ile ilikuwa ghali kuliko tikiti ya kwenda na kurudi iliyokatwa mapema. Kwa hiyo dada zake na ami wanachanga kila mwezi, kijana naye anatia fungu lake, na tikiti hukatwa miezi mitatu mbele. Anakuja mara mbili kwa mwaka, anakaa na mama yake. Safari ya kwanza ya mpango huo ilikuwa mwezi wa Shaaban, na alikaa siku kumi.